Mikato inayotuponza

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu wa Nansio,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa mazoezi ya SAT, huu mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Uliniuliza mbona maswali ya mikato, yaani koma, yanakushinda na Kiingereza chenyewe unakijua. Hata mimi yalinisumbua, mpaka juzi nilipogundua kinachotuponza. Ni -ka- yetu.

Kwetu unasema, "Nilifika Mwaloni, nikakuta dagaa wamekwisha." Sentensi safi, maana -ka- imeshashikanisha mambo mawili. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "I reached the market, the fish was gone," umefunga sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu, na mkato peke yake hauwezi mzigo huo. Weka nukta, au nuktamkato (;), au ongeza kiunganishi: "I reached the market, but the fish was gone." Na jihadhari na "however"! Inajifanya ndugu yake "but", kumbe haina nguvu hiyo. Imenikosesha maswali manne.

Siku hizi nikikuta mkato naziba upande mmoja kwa kidole, nasoma wa pili, kisha nageuza. Pande zote zikisimama zenyewe na hakuna kiunganishi, jibu hilo nalikata.

Ile habari ya kuweka mkato unapovuta pumzi, tuliyofundishwa shuleni, achana nayo. Ndiyo inayokufanya uandike "The boat that left Kamanga this morning, is back." Kiima kiwe kirefu namna gani, mkato mmoja haukitenganishi na kitenzi chake.

Mfano ninaoupenda ni huu: "The fishermen who slept late missed the boat." Hapo walioachwa ni wale tu waliochelewa kuamka. Sasa tia mikato miwili, "The fishermen, who slept late, missed the boat," na umewalaza wavuvi wote! Nilimfafanulia mjomba, akacheka, akasema aliyetunga hiyo hajawahi kuvua dagaa usiku wa giza. Huko nani analala?

Maswali ni 54 kwa dakika 64, kusoma na kuandika pamoja. Ya mikato yamalize upesi, muda uubakize kwa vile vifungu vya kusoma.

Jumamosi nakuja na meli. Uje na karatasi ya maswali uliyokosa, na usifute majibu yako, nataka kuyaona yalivyo. Mama anaulizia dagaa wake.

Wako,
Mwenzio wa Kirumba