Barua kwa mwanangu: pengo lako litajaa

Mama,

Shangazi ndo anakusomea hii, mwambie asiruke mistari. Jana ulivopiga simu unalia nikajua umeteleza kwenye mawe huko kwa bibi, kumbe jino. Limebaki kwenye tobolwa, kile kiazi kitamu kilichokaushwa, ukaona na damu ukashtuka, hilo mbona la kawaida, ukiuma kitambaa safi dakika chache damu inakata. Ila uliloniuliza mwishoni ndo limeninyima usingizi, eti "baba, na mimi pengo langu litabaki kama lako?" Nikasema salio linaisha. Halikuwa linaisha mama, nilikuwa sijui nianzie wapi.

Lako halibaki. Mtoto ana meno 20 ya utoto, na chini ya kila moja, ndani kwenye fizi, kuna la ukubwani linajitengeneza polepole, likianza kupanda linakula mzizi wa lile la juu kidogo kidogo mpaka linalegea, ndo maana uliloling'oa limeonekana kama kipande tu halina mzizi. Kwa kawaida yanaanza ya mbele chini, miaka 6 hivi kama wewe, yanaendelea mpaka miaka 12. Hilo la pili linalocheza, afu jipya limechungulia nyuma yake, usiogope, na hakuna kufunga uzi kwenye mlango hata binamu zako wakisemaje. Litikise kwa ulimi. Likigoma tutamwona daktari wa meno ukirudi.

Sasa langu. Mi nilikuwa wa miezi kadhaa, nina homa na kuharisha, wakanifunua mdomo wakaona fizi imevimba weupe pale chonge zinapotakiwa kuota. Wakasema ana meno ya plastiki, sindano ya hospitali itamuua. Akaitwa mzee mmoja akachokonoa kwa spoki ya baiskeli. Yani vile vijino vichanga ndo vilikuwa vinajiandaa kutoka, hakuna plastiki yoyote, na pale chini akaharibu mpaka mbegu ya jino la ukubwani, basi halikuota mpaka leo, ndo maana hata kwenye picha ya harusi nimefunga mdomo. Usimkasirikie bibi, alikuwa na mtoto anamfia mikononi na kila mtu kijijini alikuwa anasema hivohivo. Kuna wenzangu hawakupona kabisa, wengine kwa damu kutoka, wengine kwa vidonda.

Hapa shangazi sikiliza wewe. Nimesikia mwanao hapo mgongoni anaharisha siku ya tatu na kuna mtu kakwambia umwangalie fizi. Fizi haziharishi mtu dada. Mnyonyeshe, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, asubuhi mpeleke kituo cha afya apimwe na malaria, nauli nakutumia leo. Spoki isimguse. Haya endelea kumsomea mwanangu.

Mama, na kaka yako je, unakumbuka alivokuwa analia usiku ameshika shavu? Hilo lilikuwa kosa langu mimi. Analala na chupa ya maziwa yenye sukari, gego likaanza kuwa jeusi, nikasema si la utoto tu litatoka, kumbe magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10, 11 huko, lake liling'olewa ana miaka 5 afu jino la pembeni likaegemea kwenye nafasi, sa hivi la ukubwani halina pa kupita. Na wewe sa hivi huko nyuma kabisa ya mengine kuna magego yanaota kimyakimya bila kung'oa la mtu, watu wanayadharau wakidhani ni ya utoto. Hayo ndo ya maisha.

Kwa hiyo asubuhi na usiku, dawa ya mswaki yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, si kuijaza kama kwenye tangazo. Dakika 2. Ukimaliza tema povu, usisukutue na maji mengi, acha dawa ikae kwenye meno. Shangazi akumalizie huko nyuma maana mkono wako bado mdogo. Muwa kula mchana pamoja na chakula sikatazi, ila usiku ukishapiga mswaki hakuna kashata, hata bibi akikupa kwa siri, namjua mama yangu.

Nimefurahi amekurushia jino juu ya bati, na mimi yangu yako hukohuko juu.

Jumamosi nakusubiri kwenye kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini. Afu mswaki wako wa pinki umeusahau huku kwenye kikombe, yani siku zote hizo unatumia wa nani? Shangazi akununulie mwingine leo.

Baba yako