Wazee wa kanisa, ulizeni kwanza kabla hamjaweka mikono

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme kidogo kuhusu hili suala la wito wa utumishi, maana kila mtu analiongelea upande wa anayeitwa tu, eti kijana jichunguze, omba, funga, sikiliza sauti, sawa, hayo yote yana nafasi yake, ila wale wanaotakiwa kuuthibitisha huo wito mbona hatuwagusi? Nasema wazee, wachungaji na sisi washirika wenyewe.

Siku hizi mtu akisimama akasema Mungu kanisemesha niache kazi nikamtumikie basi mjadala umeisha hapohapo, nani abishane na Mungu? Ukiuliza kaswali kamoja tu unaambiwa unampinga mpakwa mafuta. Sasa hebu tusome 1 Samweli sura ya 3. Yule mtoto Samweli aliitwa kweli na Mungu, kwa jina lake kabisa, lakini hakujua ni nani anamwita, akakimbilia kwa kuhani mzee Eli mara tatu akidhani mzee ndo kamwita. Aliyeng'amua ni Eli. Na Eli mwenyewe macho yalishaanza kufifia, nyumbani kwake watoto wamemshinda, wanapora nyama za sadaka, lakini bado ndo huyohuyo aliyemwambia kijana rudi kalale, ukiitwa tena jibu hivi. Kama Samweli alihitaji mzee wa kumsaidia, huyu wetu aliyeota ndoto juzi anajithibitishaje mwenyewe?

Hata Paulo, pamoja na ile nuru iliyomwangaza njiani kwenda Dameski alipoitwa, kwenye Wagalatia 1 anasema ilipita miaka 3 ndo akapanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro, na kule kutumwa rasmi na Barnaba kulikuja baadaye sana pale Antiokia, Matendo 13, manabii na walimu wako kwenye ibada wamefunga, Roho akasema watengwe hao wawili, halafu wakafunga na kuomba ndo wakawawekea mikono. Sio kwamba Paulo alitoka chumbani kwake na tangazo.

Tena kuna walioonwa na watu kabla wao wenyewe hawajajiona. Ambrosi wa Milano mwaka 374 alikuwa gavana, hata ubatizo alikuwa hajapata, watu wakapiga kelele kwamba wanamtaka huyo awe askofu, akahangaika kukwepa ikashindikana. Augustino naye mwaka 391 waumini wa mji wa Hippo, Afrika Kaskazini, walimshika wakampeleka kwa askofu awekwe upadri, akalia machozi. Sisemi tuanze kukamata watu ibadani jamani, ila mnaona tofauti na sasa, mtu anajipa cheo mwenyewe, anachapisha bango lenye picha yake, sisi tunaletewa taarifa.

Kinachotokea kwetu ni hivi: kijana kaokoka, ana kipaji cha kuongea, anajua kushika maiki na kanisa linachangamka, basi baada ya muda mfupi keshaitwa mtumishi, mara mchungaji, na wazee wamekaa mstari wa mbele wanatikisa vichwa. Wakati Paulo alimwandikia Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni, na hata mashemasi wajaribiwe kwanza, na tena usimwekee mtu mikono kwa haraka. Kutamani kazi ya askofu sio dhambi, kaiita kazi njema, lakini baada ya hapo inafuata orodha ndefu ya tabia na kipaji ni kimoja tu, ajue kufundisha.

Mi ningemjaribu kwa kazi isiyo na maiki. Apelekwe kwa mgonjwa wa muda mrefu, yule asiyeweza hata kujigeuza kitandani na hadithi yake ni ileile kila siku, tuone kama atakaa mpaka mgonjwa apitiwe na usingizi, halafu aondoke bila kupiga picha, na wiki ijayo arudi bila kukumbushwa. Wapo washirika wanafanya hivyo miaka na miaka, wengine wana kigugumizi, wengine wana haya, na hakuna mzee aliyewahi kuwaita pembeni akawauliza kama hawajasikia kitu moyoni. Hiyo nayo ni kazi ya Eli, sio kuzuia tu.

Na jambo la mwisho, ile 1 Timotheo 3:7 inataka ashuhudiwe mema na watu walio nje, sasa ni kamati gani inaenda huko nje kweli? Muulizeni bosi wake, majirani, watu anaodaiwa nao pesa. Na kama ameoa, mkewe aulizwe akiwa peke yake, sio mume kakaa pembeni anatabasamu.

Ni mimi mshirika wa kawaida