Kelele za ghorofani zizuiwe kabla ya kupiga sakafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye majengo na mafundi wanaoinua maghorofa hapa Dar es Salaam.

Mimi ni muuguzi, nimepanga ghorofa ya pili huku Magomeni. Nikiwa zamu ya usiku hulala saa tatu asubuhi. Ikifika saa nne na nusu, juu ya kitanda changu mchi unaanza: du, du, du, kisamvu kinatwangwa. Maji kwenye glasi iliyo mezani yanacheza.

Mwezi uliopita nilipanda nikapiga hodi. Dada wa juu alishtuka kweli. "Jamani, kumbe yanafika mpaka kwako? Pole sana, dada." Kinu kilikaa juu ya marumaru tupu. Sikumlaumu, ana watoto watatu na lazima wale.

Kosa liko chini ya zile marumaru. Zimeshikana na sakafu ya saruji, sakafu imeshikana na zege linalobeba ghorofa, zege limeshikana na kuta. Pigo likishaingia humo halikuti kitu laini cha kulipunguza nguvu, linashuka hadi chumbani kwangu. Mwanangu alinionea huruma akabandika trei za mayai ukutani. Mwangwi wa humo ndani ulipungua, mchi haukupungua hata kidogo. Redio ya jirani utaizuia kwa ukuta mzito uliopigwa lipu pande zote mbili, usio na matundu, uliopanda mpaka kwenye zege badala ya kuishia kwenye dari ya jipsamu. Lakini kishindo cha mchi au cha miguu ya watoto lazima kikatizwe pale kinapoanzia.

Mjomba wangu, fundi wa siku nyingi, alinieleza namna yake. Kabla ya kupiga sakafu unatandika tabaka la mpira juu ya zege lote, na pembeni unaupandisha kidogo ukutani. Sakafu inamwagwa juu ya mpira huo, haigusi zege wala ukuta. Anasisitiza usimamizi, kwa sababu saruji ikipenya hata sehemu moja ikashikana na zege, kishindo kimepata njia. Mabomba yanayovuka zege nayo yavishwe mpira.

Sisi tumeshachelewa. Tumekata kandambili chakavu tukagongomea vipande chini ya miguu ya viti vya dada yule, na kinu sasa kinakaa juu ya zulia lililokunjwa mara nne. Viti sivisikii tena. Mchi nausikia kwa mbali.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1999 kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Usiku mimi napima dawa za watoto kwa mililita. Usingizi wangu wa mchana unamhusu mgonjwa pia. Naziomba halmashauri, zinapokagua michoro ya ghorofa la kupangisha, ziulize kutakuwa na nini kati ya zege na sakafu.

Ng'ambo ya barabara yetu wanajenga. Juzi nilimuuliza msimamizi swali hilohilo, akanijibu, "Saruji tu, mama." Zege limeshamwagwa, sakafu bado. Nitarudi kwake Jumatatu pamoja na mjomba.

Muuguzi,
Magomeni, Dar es Salaam