Pademba Road: andikeni na habari za waliomo ndani

Mhariri,

Kila mara gereza la Pademba Road pale Freetown, Sierra Leone, likipata msukosuko mnaandika wanajeshi, mapinduzi, amri ya kutotoka nje, basi imeisha. Novemba 26, 2023 watu wenye silaha walivamia wakafungua milango, wakatoka karibu watu 2,000. Sawa, ni habari kubwa, lakini mbona hakuna aliyeuliza watu wote hao walikuwa wanakaaje mle ndani?

Gereza lenyewe ni la Mwingereza, la 1914, na nafasi yake ni watu 324. Ripoti za haki za binadamu zimeeleza selo za futi 6 kwa 9 zilizojaa watu 9 na kuzidi, usiku mlango ukishafungwa haja mnamalizia kwenye ndoo humohumo, na Freetown ni pwani, joto na unyevu kama huku kwetu, mtu fikiria tu hiyo hewa ya alfajiri. Aprili 2020 mfungwa mmoja akakutwa na korona, siku mbili mbele zikazuka ghasia, moto, risasi, watu wakafa. Mimi siwashangai walioogopa, pale utamkwepaje mwenzako?

Na milango ile sio mara ya kwanza kuvunjwa. Mei 1997 wanajeshi waliopindua nchi walikimbilia hapo wakamtoa Johnny Paul Koroma, meja wa jeshi aliyekuwa amefungwa humo, wakampa uongozi, Januari 1999 waasi walipoingia mjini wakafungua tena. Wanatoka, wanasakwa, wanarudishwa kwenye msongamano uleule.

Kinachoniuma zaidi ni mahabusu, watu ambao hawajahukumiwa na wanasota miaka, na huko mtu anaweza kukamatwa kwa uzururaji tu, sheria ya mkoloni, ileile aliyotuachia na sisi Tanzania na Kenya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapahapa Arusha ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka haki, halafu Novemba 2024 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo ikaziona za Sierra Leone zina kasoro hiyohiyo. Gazeti lenu mbona sijaliona likiandika hata mstari? Naomba muandike, tena mwandishi wenu aende na magereza ya hapa aulize ni mahabusu wangapi wamewekwa ndani kwa kuzurura.

Msomaji wenu,
Tanga