Masufuria ya Ami yarudi nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na sijawahi kuandika gazetini. Leo naandika kwa ajili ya masufuria saba.

Mwenye masufuria hayo tumemfanyia arobaini Ijumaa iliyopita. Jina lake silitaji, kwa sababu enzi za uhai wake hakupenda litajwe. Kwenye shughuli, mtu akishika kipaza sauti ili amshukuru mpishi, mpishi alikuwa ameshaondoka, yuko uani anasugua masizi. Mtaani, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Ami. Alikuwa karani wa ghala bandarini mpaka akastaafu. Upishi haukuwa ajira yake hata siku moja. Aliupenda tu, kama wengine wanavyopenda bao au mpira.

Nilianza kumsaidia mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwanza viazi, kisha vitunguu, na ilipita miaka mingi kabla hajaniachia mwiko. Ami hakupima maji kwa kikombe. Alichukua punje mbili tatu za mchele, akazitafuna polepole, akanyamaza. Mchele mpya hunywa maji kidogo, wa zamani hunywa mengi, na ukikosea hapo sufuria la kilo thelathini linageuka bokoboko wageni wakiwa wameshanawa mikono. Vitunguu alitaka viive mpaka viwe rangi ya kahawa. Ukivitoa mapema alikupokonya mwiko bila kusema neno. Bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga alivitwanga mwenyewe alfajiri ile ile, si jana yake. Maji yakikaribia kukaukia alipunguza kuni chini, akachota makaa kwa koleo na kuyapalia juu ya mfuniko, halafu akaketi kwenye kigoda chake na tasbihi. Hapo ndipo watoto walipoanza kusogea, maana ukoko ulikuwa wao. Mtu mzima hakuruhusiwa kuugusa kabla watoto hawajapata.

Wenyeji wa Tanga wanaelewa nikisema kwamba Ami alikuwa mtu wa African Sports, watani wa jadi wa Coastal Union katika mpira. Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa, majirani zake wa Coastal walimfuata awapikie pilau ya sherehe. Alikesha nao. Ile pilau naikumbuka hadi leo.

Lakini mimi namkumbuka zaidi kwenye misiba. Baba yangu alifariki mwaka 1984. Wa umri wangu mnajua hali ilivyokuwa: foleni kwenye maduka ya kaya, mchele hauonekani, mafuta ya kula ni ya kubahatisha, na unga uliopatikana ni ule wa mahindi ya njano tuliouita unga wa Yanga. Mama alikuwa ndani na wenzake, analia huku anahesabu watu waliokaa kwenye majamvi. Baada ya Isha Ami aliingia na mkokoteni. Alileta sufuria, kuni, nazi, maharage, na unga wa Yanga alioukusanya kibaba kibaba, nyumba kwa nyumba. Akasimama mlangoni akasema, "Wewe lia, shemeji. Chakula tuachie sisi." Alikaa kwetu siku zote tatu, akaenda zake, na hakulizungumza tena jambo lile. Mama alilirudia neno hilo mpaka siku anafariki. Na yeye matanga yake yalipikwa na Ami.

Wala hakuchagua dini. Jirani yetu Mbondei, Mkristo, alipofariki, mazishi yalikuwa kwao Muheza. Ami alipakia masufuria kwenye gari la mizigo, akaenda nayo huko, akachinja mbuzi kwa mkono wake ili wafiwa na wageni wote wale chungu kimoja. Wakati wa ibada alibaki chini ya mwembe akilinda moto, amevua kofia yake ya mkono na kuishika mapajani mpaka jeneza likapita.

Masufuria aliyanunua moja moja, kwa mshahara wake na baadaye kiinua mgongo, na aliyaazima bure. Ameacha madaftari yake, nimeyasoma baada ya msiba. Kila mstari una tarehe, jina la mwazimaji, sufuria gani, na shughuli gani. Safu ya pesa haimo. Siku hizi wenye uwezo hukodi wapishi na vyombo, na sina neno nao. Ila mtaani kwetu bado kuna watu wanaofiwa asubuhi wakiwa hawana hata pa kuchemshia chai ya wageni, na hao walijua mlango wa kugonga.

Sasa tangu Ami atangulie mbele ya haki, mnunuzi wa vyuma chakavu ameshabisha hodi mara mbili. Watoto wake wanaishi mbali na Tanga. Nimezungumza nao kwa simu, nao hawataki kuyauza, lakini wanauliza, na wana haki ya kuuliza, nani atayatunza. Nimewajibu kwamba nitayatunza mimi, na daftari litaendelea kama lilivyokuwa. Vijana watatu wa mtaani wameshaanza kuja kwangu Jumamosi kujifunza.

Wapo walioniambia kwamba masufuria ya kuni yamepitwa na wakati, kwani serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ami mwenyewe alikuwa ameshanunua jiko kubwa la gesi, kwa sababu moshi ulimsumbua kifua. Masufuria ni yale yale. Alichobakiza ni makaa machache ya kupalia juu tu, na pilau haikuharibika.

Tatizo ni kwamba chumbani yamo matano. Mawili yako nje tangu kabla hajaugua, na yeye hakuwa mtu wa kudai. Arobaini yake tulipika kwa hayo matano, tukalazimika kupika kwa awamu mbili, na sinia za mwisho zilitoka magharibi imeshaadhiniwa. Jambo hilo limeniuma, maana Ami hakuwahi kumchelewesha mtu kula.

Kwa mujibu wa daftari, moja lilikwenda upande wa Pongwe kwa Maulidi. Lina kiraka cha bati karibu na sikio la kushoto. La pili ndilo kubwa kuliko yote, lilichukuliwa kwa msiba, lakini jina la mwazimaji limefunikwa na doa la mafuta. Hilo lina alama tatu za msumari chini ya ukingo, Ami alizigonga mwenyewe. Aliyenayo, au anayejua yaliko, ayarudishe pale pale kwenye baraza la Ami. Mimi ndipo ninaposhonea, nipo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Kama limetoboka, lilete hivyo hivyo, tutaliziba. Kama limepotea, njoo tu useme, nilifute kwenye daftari.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga