Barua kwa mwanangu, kabla hujapanda soya

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Mbegu zimefika, mvua imenyesha, na vile vipakiti vya bakteria wa kupaka kwenye mbegu umeviacha kwenye gari. Hapo kwenye gari ndipo usingizi wangu ulipoishia. Nenda kavitoe kwanza, barua itakungoja.

Umevitoa? Haya.

Wewe ndiye uliyesoma, mimi nimejifunza kwa kuharibu. Lakini naona unga ule mweusi wa vipakitini, mboji iliyobeba bakteria, unauchukulia kama mbolea. Mbolea ukiisahau juani, jioni utaikuta mbolea. Hawa ni viumbe hai, na joto la gari lililofungwa linawamaliza. Tena kipakiti hakibadiliki rangi wala harufu kukuonyesha kwamba umebeba mboji tupu.

Na shamba ulilokodi, umeniambia mwenyewe, halijawahi kuona soya. Kunde isingekusumbua, inapatana na bakteria wengi wanaojikalia udongoni. Soya inachagua. Mzizi wake mchanga unavujisha kemikali, wanaziita flavonoidi, na bakteria anayezitambua hujibu kwa kemikali yake. Mzizi nao ukiridhika na jibu hilo, kinyweleo chake kinajikunja na kumfumbata kama mtoto anavyofumba kiganja. Kisha kinajengwa kijifereji chembamba cha kumpitisha hadi ndani, ambako seli zimeshaanza kugawanyika kumwandalia kinundu, kile kiuvimbe cha mzizini. Miaka yote nilipoviona vinundu nilijua ni ugonjwa umeingia. Kumbe mwenzetu amepiga hodi na kukaribishwa! Wala sikuwa peke yangu kutojua: ni mwaka 1886 ndipo Hellriegel, Mjerumani, alipoeleza kwamba mikunde inapata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe.

Sasa niambie, mzizi utakapoita, ataitika nani kama wote wamekufia kwenye gari?

Halafu urea, ile mbolea ya naitrojeni. Umesema utaimwaga ya kutosha ili soya zianze kwa nguvu. Acha. Soya ikikuta naitrojeni tele udongoni haihangaiki kuweka vinundu, kwa sababu kuwatunza wageni wale ni gharama, chakula chao chote kinatoka kwenye majani yake. Weka fosforasi, hiyo inaihitaji. Tindikali ya udongo umeshapima, na hapo nikupe haki yako; baba yako alizisoma zile namba kwa sauti kama matokeo ya mtihani, akamwita na jirani asikie.

Siku ya kupanda, paka mbegu kivulini. Tumia maji yenye sukari kidogo ili unga ushike, na yasiwe yale ya bomba yenye klorini. Mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu usizichanganye hapo. Panda siku hiyo hiyo na kufukia papo hapo. Vibarua wakienda kula, ndoo isibaki wazi katikati ya shamba. Kivulini, mwanangu. Najua nimeshasema.

Zikianza kutoa maua, chimbua mimea michache kwa koleo. Usiing'oe kwa mkono kama ulivyozoea, vinundu vitakatikia chini, nawe utasema havipo. Suuza mzizi taratibu, chukua kinundu kimoja, kipasue kwa ukucha. Ukiona wekundu kama wa nyama mbichi, kazi inafanyika. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, ndugu wa ile iliyo kwenye damu yetu. Inaibana oksijeni isizidi, maana ikizidi inaharibu kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kukamata naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, na soya peke yake haiwezi kuchota hata chembe! Ukikuta weupe au ukijani, nipigie siku hiyo hiyo. Usingoje majani yawe ya njano ndipo unitafute, kama ulivyongoja kwenye habari ya ada.

Ya msimu ule sirudii, unayajua. Ila nilisema mbele za watu kwamba hukuchanganya vizuri, nawe ukanyamaza. Kile kipakiti kilishinda juu ya bati la banda tangu asubuhi, na si wewe uliyekiweka pale. Basi, hilo tu.

Huku mlango wa jikoni umerudia kukwama. Mdogo wako amehamia chumbani kwako, sikumkataza, lakini kabati lako nimelifunga na ufunguo ninao mimi. Kuku wako mweupe ameatamia nyuma ya pipa na hataki mtu apite. Hivyo vipakiti, kama nyumba haina friji, viweke ndani ya chungu sakafuni, mbali na dirisha, na unijibu leo umeviweka wapi.

Baba yako anaulizia koleo lake. Kama ulilibeba ni sawa, utachimbulia. Kama hukulibeba mwambie, maana siku ya tatu hii ananitazama mimi.

Mama yako