Kibanda cha kuku kilikuwa kimeshainama

Mikindani, Mtwara

Mwanangu, somo wa bibi yako,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku hatujambo. Mama yako anasema hujampigia tangu Jumapili, nami nimefikisha.

Uliniambia umepata laptopu ya mtumba na unataka kuanza kuandika shajara, ila hujui ununue programu gani. Usinunue kitu. Na kabla sijakueleza ya kufanya, nikukumbushe Idi iliyopita ulivyowasimulia wageni habari ya kimbunga Kenneth. Mabati yaliruka kama karatasi, kibanda cha kuku kikavuka ukuta wa jirani! Nilikuwa naitikia kwa kichwa, maana hata mimi nilikuwa nakumbuka hivyo hivyo.

Usiku ule nikafungua faili la mwaka 2019. Alhamisi, tarehe 25 Aprili, nimeandika: "Shule zimefungwa. Tumehamia kwa shangazi kule Naliendele na magodoro mawili. Mawingu mazito, upepo si wa kutisha. Kibanda cha kuku kimelala, ila kilikuwa kimeshainama tangu mwezi wa pili. Mtoto analilia kuku wake mweupe." Basi, hakuna zaidi. Kimbunga chenyewe kilikwenda kutua ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado kule Msumbiji, kikaua watu huko. Sisi tulibaki na kibanda kibovu na hadithi, na hadithi imekuwa ikinenepa kila mwaka.

Sikukusahihisha mbele ya wageni. Lakini nilicheka peke yangu mpaka mama yako akaamka.

Sasa kazi yenyewe. Fungua Notepad, ile inayokuja na Windows. Mstari wa kwanza kabisa andika nukta, kisha LOG kwa herufi kubwa, pasipo nafasi katikati: .LOG. Sevu, funga. Kila utakapolifungua faili hilo utakuta saa na tarehe zimeshaandikwa chini kabisa, wewe unaendeleza maneno tu. Ukisahau ile nukta, au ukiandika kwa herufi ndogo, utasubiri mpaka kuche. Na kama faili liko wazi tangu asubuhi, bonyeza F5, tarehe itaingia pale pale ulipo. Alinionyesha kijana mmoja wa hesabu pale ghalani, nikamnunulia soda.

Tahadhari moja ya tarehe, na hii imenigharimu. Kompyuta nyingi za mtumba huja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Mwaka 2017 nina mstari unaosema "10/11, gunia la kwanza limejaa." Je, ni tarehe 10 Novemba au 11 Oktoba? Ingekuwa mwezi wa tatu ningejua nimekosea, lakini korosho huokotwa miezi yote hiyo miwili. Mama yako anashikilia Oktoba, mimi nasema Novemba, na hatutapatana. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya lugha na eneo, ubadilishe. Faili zenyewe zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2019-04-25, zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Halafu kompyuta ikikuandikia 5:10 AM usije ukasoma saa tano. Ni saa 11 alfajiri, na wewe ulitakiwa uwe umelala.

Nilijaribu Excel pia. Ukishika Ctrl na kubonyeza nukta-mkato, tarehe ya leo inaingia kwenye kisanduku. Kwa kilo za korosho, mifuko ya salfa na vibarua tuliowalipa, sijaona mfano wake, na mpaka leo hesabu za shamba ziko humo. Lakini siku bibi yako alipofariki niliandika "msiba" kwenye kisanduku, nikaona ni kama nimepokea gunia. Nikahamia Notepad usiku huo huo.

Utaniuliza kwa nini nisitumie programu nzuri ya simu, yenye rangi na picha. Niliitumia, miaka miwili. Nilipobadilisha simu, nywila ikanipotea na miaka yangu miwili ikaenda nayo. Kabla ya hapo nilikuwa na kaunta buku nne nilizoandika tangu ujana, nazo mchwa walizimaliza kabatini, wakaniachia majalada. Faili la maandishi matupu linafunguka kwenye kompyuta yoyote, kuukuu kwa mpya. Wala si zito: ukiandika ukurasa kila siku mwaka mzima, bado ni jepesi kuliko picha moja ya simu yako. Kwa hiyo huna kisingizio cha kutoweka nakala kwenye flashi, na nyingine ujitumie kwa barua pepe. Sevu kila baada ya sentensi chache. Umeme wa huku unaujua, na wa huko sina hakika nao.

Kwa vile unakaa chumba kimoja na wenzako watatu, yale ya siri yaandike kwenye Word na uyafunge kwa nywila. Ila nywila hiyo iandike mahali kwa mkono wako, maana ukiisahau, hata waliotengeneza Word hawawezi kukufungulia.

Uandike nini? Bei ya chakula cha mchana. Nani kakukopa. Mvua. Siku uliyoondoka mimi niliandika: "Basi limetoka saa 12 asubuhi. Kiti cha dirishani. Mama yake kasahau kumpa chapati, kazikumbuka tukiwa njiani kurudi." Nikiusoma leo bado naziona zile chapati kwenye mfuko, na mama yako anavyozitazama.

Nimempa dereva wa basi la kesho kilo mbili za korosho, ukampokee stendi. Ndani ya mfuko, chini kabisa, kuna flashi nimeifunga kwa nailoni. Ni faili zangu tangu 2015, uone baba yako anavyoandika vibaya. La 2021 nimelitoa, usiulize.

Baba yako